Je, tumpeleke binti yetu katika shule ndogo ya chata inayofuata elimu ya kimaendeleo?

Mzazi wa Minneapolis aliuliza:

Ndugu wazazi na walimu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo familia yetu inapaswa kuliamua kabla majira ya baridi hayajaisha. Binti yetu yuko darasa la tano hapa Minneapolis, na mwakani ataingia shule ya kati, yaani darasa la sita hadi la nane. Karibu na tunapoishi ipo shule ya umma ya chata, yaani inayoendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba, yenye wanafunzi wapatao 140, ambayo inajitambulisha kuwa ni shule ya elimu ya kimaendeleo. Wanafunzi wake hawapewi alama za herufi. Wazazi hupokea ripoti ya maandishi, na mara mbili kwa mwaka mtoto mwenyewe huketi na wazazi wake pamoja na mwalimu mlezi, akawaonyesha kazi zake na kueleza alichojifunza na kilichomshinda. Masomo mengi huunganishwa katika miradi inayochukua majuma kadhaa. Shule ya wilaya ambayo angekwenda kwa kawaida ni kubwa mara nyingi zaidi, ina bendi, timu za michezo na madarasa ya hisabati ya viwango tofauti.

Mimi na mke wangu tulisoma Afrika Mashariki, katika shule ambazo kila mwisho wa muhula mzazi alijua mwanawe ameshika nafasi ya ngapi, kwa hiyo ripoti isiyo na alama inatutia wasiwasi. Hata hivyo binti yetu ni mtoto anayeuliza maswali mengi nyumbani na kunyamaza kabisa akiwa katika kundi kubwa, na walimu wake wa sasa wamekuwa wakituambia kwamba wanamjua kwa kazi zake tu, si kwa sauti yake. Ningependa kufahamu ni nani hasa anayeisimamia shule ya namna hii, kama mtoto aliyesoma bila alama atamudu sekondari ya kawaida, na kama udogo wa shule ni faida au ni hatari. Naomba mnijibu kwa yale mnayoyajua kwa hakika, kwa sababu maneno mazuri ya vipeperushi tumekwisha kuyasoma.

Mjumbe wa Bodi alijibu:

Ndugu yangu, nimeketi katika bodi ya shule ya chata katika jimbo hili hili, kwenye kiti cha wazazi, na kwa hiyo nitaanza na upande wa sheria na fedha. Wazazi wengi huufikia upande huo mwishoni, ilhali ndio unaoamua kama shule itakuwa ingali wazi mtoto wao atakapofika darasa la nane.

Shule ya chata ni shule ya umma. Haitozi ada, haina mtihani wa kuingilia, hairuhusiwi kufundisha dini, na hapa Minnesota walimu wake wanatakiwa kuwa na leseni kama walimu wa shule nyingine za umma. Chata yenyewe ni mkataba kati ya bodi ya shule na taasisi iliyokubaliwa na jimbo kuwa msimamizi, ambayo yaweza kuwa chuo, wilaya ya shule au shirika lisilo la faida. Mkataba hutaja malengo ya shule na hauzidi miaka mitano bila kupitiwa upya. Msimamizi asiporidhika na masomo au na hesabu za fedha, anaweza kukataa kuuongeza, na hapo shule hufungwa. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya aina hii nchini Marekani, mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992. Leo ziko zaidi ya 7,000 nchini kote. Wazo ambalo Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers, alilitetea hadharani mwaka 1988 lilikuwa kuwapa walimu nafasi ya kujaribu mbinu ambazo shule nyingine zingeweza kujifunza kwazo. Baadaye Shanker mwenyewe aligeuka kuwa mkosoaji wa shule hizi alipoona zinachukua mkondo wa ushindani wa soko. Nalitaja hilo kwa sababu shule ndogo kama hiyo unayoieleza iko karibu zaidi na wazo lile la mwanzo kuliko ilivyo mitandao mikubwa yenye shule nyingi chini ya uongozi mmoja.

Jina la chata peke yake halikuambii chochote kuhusu ubora. Watafiti wa kituo cha CREDO katika Chuo Kikuu cha Stanford walipolinganisha shule hizi na shule jirani za wilaya mwaka 2009, waliona kwamba katika hisabati asilimia 17 zilifanya vizuri zaidi, asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi, na zilizobaki hazikutofautiana na jirani zao. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilionyesha nafuu: kwa wastani wanafunzi wa chata walipata maendeleo yanayolingana na siku 16 za ziada za masomo katika somo la kusoma na siku 6 katika hisabati kwa mwaka. Lakini huo ni wastani wa nchi nzima, na ndani yake mna shule bora sana na shule ambazo zisingepaswa kuwa wazi, kwa hiyo unachokihitaji ni habari za shule hiyo moja.

Sasa kuhusu udogo. Fedha za jimbo hufuata idadi ya wanafunzi, na shule ya chata haina mamlaka ya kuwaomba wapiga kura wa eneo lake wakubali kodi ya ziada kama wilaya zinavyofanya. Jimbo husaidia kodi ya pango la jengo, lakini msaada huo hauzidi asilimia 90 ya kodi hiyo, tena una ukomo kwa kila mwanafunzi. Shule yenye wanafunzi 140 ikipoteza 14, imepoteza sehemu ya kumi ya mapato yake, na hapohapo mshahara wa mwalimu wa hisabati, kodi ya jengo na gharama ya kupasha joto madarasa mwezi wa Januari havipungui hata kidogo. Katika vikao vyetu karatasi iliyokuwa inasomwa kwa makini kuliko zote ilikuwa na safu mbili: idadi ya wanafunzi iliyokisiwa katika bajeti, na idadi iliyokuwapo madarasani siku ile. Safu ya pili ikiwa chini ya ya kwanza kwa mwaka mmoja, bodi hubana matumizi. Ikiwa hivyo miaka miwili au mitatu mfululizo, wanaanza kupunguza walimu, na katika shule ndogo kupunguza mwalimu mmoja ni kuondoa somo zima.

Ushauri wangu ni kwamba uhudhurie kikao kimoja cha bodi. Vikao viko wazi kwa umma kwa mujibu wa sheria, na bodi inatakiwa kuwa na angalau mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mtu mmoja wa jamii asiye mwajiriwa wa shule. Omba kumbukumbu za vikao vya mwaka uliopita, ripoti ya mkaguzi wa hesabu, na barua ya msimamizi ya mara ya mwisho mkataba ulipoongezwa. Ukipewa bila kuzungushwa, hiyo pekee ni dalili njema. Uliza pia ni walimu wangapi wa mwaka juzi wangali wanafundisha hapo, kwa sababu katika shule ya namna hii mbinu haziko vitabuni. Zimo ndani ya watu, na watu wakiondoka huondoka nazo.

Mwalimu wa Shule ya Kati alijibu:

Nakubaliana na Mjumbe wa Bodi juu ya karatasi, lakini mtoto hasomeshwi na karatasi, kwa hiyo naomba nizungumzie darasa lenyewe. Nimefundisha umri huu katika shule kubwa ya wilaya na katika shule ndogo ya chata, na jambo hili liko karibu sana na moyo wangu.

Elimu ya kimaendeleo si mtindo wa juzi. John Dewey alifungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na watoto wa pale walipika, walifuma na kujenga ili kupitia kazi hizo wajifunze hesabu, kemia na historia. Kuhusu hofu yako ya sekondari na vyuo, swali hilo liliulizwa zamani na likafanyiwa kazi. Katika miaka ya 1930 sekondari takriban 30 ziliruhusiwa kuachana na masharti ya kawaida ya kuingia vyuoni na kupanga mitaala yao wenyewe. Kisha wahitimu 1,475 wa shule hizo wakalinganishwa, mmoja mmoja, na wenzao wa shule za kawaida waliofanana nao kwa umri, uwezo na hali ya nyumbani. Vyuoni hawakuwa nyuma. Kwa jumla walikuwa mbele kidogo, na waliotoka katika shule zilizobadilika zaidi ndio waliofanya vizuri zaidi. Na msidhani kwamba njia hii ni ya watoto wa matajiri tu: mwaka 1974 Deborah Meier na wenzake walianzisha Central Park East, shule ndogo ya umma huko East Harlem, New York, mahali ambapo familia nyingi zilikuwa maskini, na baadaye sekondari yake ikajengwa juu ya maswali machache yaliyoulizwa katika kila somo. Ushahidi wako ni upi? Nani anaona vingine? Jambo hili linahusianaje na lile? Ingekuwaje kama mambo yangekwenda tofauti? Na kwa nini jambo hili ni muhimu?

Maswali hayo ndiyo kipimo nitakachokupa. Unapotembelea shule, usitazame kuta zenye rangi wala wanafunzi walioketi kwenye mazulia. Tazama kazi moja ya mtoto mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Omba kuona jalada la kazi la mwanafunzi wa darasa la saba, jina likiwa limefichwa. Tuseme darasa lilipima maji ya kijito kilicho jirani. Katika jalada la shule nzuri utakuta jedwali la vipimo lenye tarehe na saa, utakuta kipimo kimoja kimezungushiwa duara na mwalimu ameandika pembeni, “Umejuaje kwamba hiki si kosa la kifaa?”, na katika ukurasa unaofuata utamwona mtoto amerudi kijitoni, amepima tena, na kuandika aya mpya inayojibu. Utakuta rasimu ya kwanza yenye sentensi zilizovurugika na rasimu ya tatu iliyonyooka. Katika shule dhaifu utakuta bango zuri lenye picha za samaki na aya mbili zilizonakiliwa kutoka intaneti, na hakuna mahali popote mtu mzima alipomwambia mtoto kwamba bado. Shule zote mbili zinaweza kujiita za kimaendeleo, na zote mbili zinaweza kuwa na watoto wenye furaha siku ya wageni. Tofauti iko katika lile neno “bado”, kama kuna mwalimu mwenye muda wa kulisema na kumsubiri mtoto arudi.

Hapo ndipo udogo unapokuwa na thamani. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 kwa siku anaweza kusoma rasimu tatu za kila mmoja wao. Mwenye 150 hawezi, hata akiwa na moyo namna gani. Na binti yako anayenyamaza katika kundi kubwa atakuwa na mwalimu mlezi na kikundi kidogo anachokutana nacho kila siku, pengine kwa miaka yote mitatu. Umri wa miaka 11 hadi 14 ni umri ambao mtoto anaweza kupotea shuleni huku akihudhuria kila siku, na katika shule ya watu 140 ni vigumu sana kupotea hivyo.

Eneo ninalokuomba ulichunguze kwa ukali ni hisabati. Mradi mzuri unaweza kubeba sayansi, historia na uandishi kwa urahisi, lakini sehemu, uwiano na aljebra zinataka mfuatano na mazoezi ya kila siku, na shule nyingi za kimaendeleo hulegea hapo. Uliza kama hisabati ina kipindi chake, ni kitabu au mtaala gani unaotumika, na kama mwanafunzi anayemaliza darasa la nane anakuwa amekamilisha aljebra ya kwanza. Jibu liwe bayana. Matokeo ya mitihani ya jimbo nayo yasipuuzwe: sheria ya shirikisho inataka kila shule ya umma, chata zikiwamo, ipime kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Lakini soma matokeo ya miaka kadhaa pamoja, kwa sababu katika darasa la watoto 40 kila mtoto ni asilimia mbili na nusu, na watoto wanne waliohamia mwaka huo wanaweza kuipandisha au kuishusha shule nzima.

Mama wa Watatu alijibu:

Shemeji, naomba niseme upande wa pili kwa heshima, maana wote wawili waliotangulia wameeleza vizuri, lakini kuna familia ambazo udogo huu hauzifai. Kifungua mimba wangu alisoma katika shule ndogo ya chata inayofanana na hiyo na ilimjenga sana. Alipoingia sekondari yenye wanafunzi wengi, jambo lililomsumbua halikuwa masomo bali mitihani ya muda mfupi, kwa kuwa hakuwa amezoea kuandika saa ikihesabiwa. Ilimchukua muhula mmoja kuzoea. Lakini mdogo wake anahitaji elimu maalumu, na huko ndiko tulikokwama.

Kisheria shule ya chata haina ruhusa ya kumkataa mtoto mwenye ulemavu wala kumpa pungufu ya kilichoandikwa katika mpango wake binafsi wa elimu. Haki hiyo ni ya shirikisho na ni ile ile kama ya shule ya wilaya. Katika utekelezaji, shule ndogo tuliyoijaribu ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa elimu maalumu, na mtaalamu wa matamshi alikuwa anakuja kwa mkataba siku moja kwa juma. Mwalimu yule alipokwenda likizo ya uzazi, kwa miezi kadhaa mwanangu alihudumiwa na watu wa muda ambao hawakumjua. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na mkuu wa shule alinipigia simu mwenyewe kila juma. Hawakuwa na mtu wa pili. Tulimhamishia shule ya wilaya, ambako kuna timu nzima, na huko alipata aliyoyahitaji. Mtu yeyote mwenye mtoto wa namna hiyo, au mwenye mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza, aulize majina ya kazi na saa za kazi: ni watu wangapi, siku ngapi kwa juma, na nani anashika nafasi mmoja akiondoka. Na mzazi asiyekijua Kiingereza vizuri ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo katika vikao vya mtoto wake, shule iwe ndogo au kubwa. Msikubali mtoto awe ndiye mkalimani wa ripoti yake mwenyewe.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni urafiki. Darasa la saba likiwa na wasichana 20 tu, na wawili wakagombana mwezi wa Oktoba, hakuna darasa jingine la kuhamia, hakuna kundi jingine la kula nalo chakula cha mchana, na wataendelea kuonana kutwa hadi mwisho wa darasa la nane. Shule inayojua kazi yake huwaketisha watoto na kuwafundisha kusuluhishana, na nimeona hilo likifanyika vizuri mno, kiasi kwamba binti yangu hadi leo ndiye anayepatanisha wenzake. Isiyojua huwaachia wazazi, na wazazi nao wanaanza kugombana. Muulize mkuu wa shule akueleze, bila kutaja majina, ugomvi wa mwisho ulimalizwaje na ulichukua muda gani.

Mzazi wa Minneapolis aliandika tena:

Nawashukuru kwa dhati. Mama wa Watatu, nimemsomea mke wangu maneno yako juu ya urafiki na ameniambia kwamba hilo ndilo alilokuwa analihofia bila kujua namna ya kulisema. Binti yetu hana mahitaji ya elimu maalumu, na Kiingereza chake kinatosha, kwa hiyo kwetu uzito umebaki kwenye hisabati na kwenye uthabiti wa fedha. Tutahudhuria kikao cha bodi mwezi ujao na nimekwisha kuomba kuona jalada la kazi. Nimebakiwa na jambo la utaratibu: kama waombaji ni wengi kuliko nafasi, shule huchagua vipi, na je, tukiomba huko tunapoteza nafasi yetu katika shule ya wilaya? Pia kazi zetu zinaanza mapema, na sijui kama kuna basi.

Mjumbe wa Bodi alijibu:

Waombaji wakizidi nafasi, shule inalazimika kupiga kura ya bahati nasibu. Haiwezi kuchagua kwa alama, kwa mahojiano wala kwa kujuana. Ndugu wa wanafunzi waliomo hutangulizwa, na watoto wa wafanyakazi wa shule wanaweza kutangulizwa pia, kwa hiyo uliza ni nafasi ngapi za darasa la sita zinazobaki baada ya hao. Tarehe ya mwisho ya maombi hupangwa na shule yenyewe na ikipita unaingia kwenye orodha ya kusubiri, ambayo katika shule nyingi husogea sana mwezi wa Agosti familia zinapohama. Kuomba hakukufungi. Wilaya inawajibika kumpokea mtoto anayeishi ndani ya mipaka yake, ila nafasi katika shule fulani ya wilaya yaweza kutegemea tarehe ya maombi, kwa hiyo jazeni fomu zote mbili kwa wakati.

Kuhusu basi, kila shule ya chata ya Minnesota huamua kama itasafirisha wanafunzi yenyewe au itaiachia wilaya ambamo shule imejengwa. Ikiachiwa wilaya, wilaya huwachukua wanaoishi ndani ya mipaka yake. Wanaoishi nje hujifikisha wenyewe hadi mpakani. Nyinyi mnaishi jirani, kwa hiyo hilo lisiwasumbue, lakini ulizeni saa ya basi la asubuhi na kama mlango wa shule hufunguliwa kabla ya masomo. Kifungua kinywa na chakula cha mchana ni bure kwa wanafunzi wote katika shule zilizo ndani ya mpango wa taifa wa chakula cha shule, kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2023. Katika shule nyingi kifungua kinywa ndicho kinachofungua mlango mapema, na kwa mzazi anayeanza kazi saa moja asubuhi hilo lina uzito mkubwa.

Mwalimu wa Shule ya Kati aliongeza:

Naomba mwende na binti yenu, na msiende siku ya wageni. Ombeni akae darasani asubuhi nzima siku ya kawaida, katikati ya juma, bila nyinyi kuwapo. Shule nyingi ndogo hukubali. Akirudi msimuulize kama alipenda. Muulizeni ni swali gani liliulizwa darasani, nani alilijibu, na kama naye alisema lolote.